Harage Kwenye Sikio la Gunia

Mgeni alifika Jumapili saa mbili asubuhi, Firdausi akiwa uani na mikono ndani ya beseni la sare. Hakupiga hodi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akafungua mpira uliobana mzigo nyuma, akatoa mfuko mtupu wa mbolea uliokunjwa mara nne. Akauweka juu ya jiwe la kufulia kama mtu anayeweka barua mezani.

"Mwakeye," alisema, akiamkia kwa Kiha.

"Mwakeye. Wewe nani?"

"Fidele Ntirampeba, wa Kitahana. Mke wangu mnaye ninyi."

Firdausi alikung'uta povu mikononi. "Kituo kipo, kaka. Kesho saa mbili nitakuwa mezani."

"Kituoni nimekwenda mara sita. Mara sita nimeambiwa mpelelezi yuko likizo. Jana nikamuuliza mama muuza maandazi mpelelezi anakaa wapi. Yeye hakuwa likizo, akanionyesha."

"Kaa basi."

"Sikai. Nikikaa utanipa chai, nikinywa chai nitakuwa mgeni, na mgeni hasemi ukali. Mimi nimekuja kudai."

Firdausi alilijua jalada. Alikuwa amerudi Ijumaa kutoka likizo kwao Kasulu, akalikuta limeshaandikwa lote, limebaki na nafasi moja tu, ya sahihi yake. Tarehe tano Januari, Maximilla Ndayikunda, msimamizi wa ghala la wakulima Kitahana, alipiga simu polisi kwamba lori linapakia mbolea ya ruzuku bila kibali. Polisi walilikamata lori palepale mlangoni mwa ghala, wakaleta mifuko arobaini kituoni. Tarehe ishirini na tatu mifuko ilifunguliwa mbele ya mashahidi, na ndani yake hamkuwa na mbolea. Mlikuwa na udongo mwekundu. Dereva alikuwa ameshapewa dhamana na hakuonekana tena. Jalada likasema kwamba Maximilla aliiuza mbolea ng'ambo ya mpaka mapema, akajaza udongo, kisha akapiga simu ili kujisafisha.

"Mtu aibe, halafu awapigie simu ninyi?" Fidele aliuliza.

"Wapo wanaofanya hivyo."

"Wapo. Kwenye michezo ya redio." Aliukunjua mfuko. "Huu tulinunua Desemba, ghala lilelile, mzigo uleule. Tazama mdomo wake."

Mdomoni palikuwa na mstari wa vitundu vidogo, umenyooka kama umepigwa rula. Kipande cha uzi mweupe na mwekundu kilikuwa bado kinaning'inia.

"Hiyo ni mashine ya kiwandani," Fidele alisema. "Ukivuta uzi mmoja, mfuko wote unafunguka kama zipu. Tarehe tano niliwasaidia polisi kushusha ile mifuko. Yote arobaini ilikuwa na mdomo huu. Nenda katazame mliyonayo sasa."

Alipanda baiskeli, kisha akashuka tena.

"Kesi ni Alhamisi. Mahindi ya Kitahana yamegeuka njano kwa kukosa mbolea, na kila anayepita mbele ya nyumba yangu anatema mate. Wanangu wanaona. Basi."

*

Koplo Twalibu, mtunza vielelezo, alivaa ufunguo wa chumba chake shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na aliitaja kila alipoombwa jambo.

"Miaka miwili, afande," alisema Jumatatu asubuhi, akifungua mlango. "Nikitoka hapa nafuga nyuki. Nyuki hawaandikishi maelezo."

Chumba kilinuka petroli na bangi. Mifuko arobaini ilipangwa ukutani, kila mmoja na kibandiko chake. Firdausi aliinama juu ya wa kwanza. Mdomo haukushonwa kwa mashine. Ulishonwa kwa mkono, kwa uzi wa katani, mishono mirefu iliyolala upande. Akatazama wa pili, wa kumi, wa arobaini. Yote ilikuwa kazi ya mkono mmoja.

"Hati ya ukamataji inasemaje juu ya midomo?"

"Inasema mifuko arobaini, imefungwa."

"Imefungwa na nini?"

"Haisemi, afande."

Kwenye bahasha ya vielelezo vidogo palikuwa na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, iliyokamatwa kwenye ghala la Maximilla. Mwandishi wa jalada aliipigia mstari mara mbili. Firdausi aliirudisha. Hakuna ghala lisilo na shazia.

Akarudi kwenye mifuko. Katika kila ncha ya mdomo, mshonaji alikusanya kona na kuifunga ikawa kama ngumi ndogo. Ndiyo masikio ya gunia, mahali mpagazi anaposhika anapojitwika. Lakini mfuko wa mbolea ni wa plastiki, unateleza, na kamba huchomoka. Masikio haya hayakuteleza. Firdausi aliminya moja kwa vidole. Ndani mlikuwa na kitu kigumu.

"Lete kamera, koplo. Na daftari. Nakata sikio moja, mfuko namba kumi na saba, saa tatu na dakika kumi, mbele yako."

"Mkuu wa upelelezi, Afande Ildefonsi, anajua?"

"Mpelelezi wa kesi hii ni mimi. Andika."

Alikata kamba. Kona ilifunguka na harage moja likaangukia kiganjani mwake, dogo, la njano, limesinyaa. Akakata la pili, mfuko namba thelathini. Harage jingine, limesinyaa vilevile.

Twalibu alitazama mlangoni kabla ya kusaini daftari. Alisaini polepole, kisha akasema bila kuinua macho, "Tarehe ishirini Januari nilipewa ruhusa ya siku mbili. Niende kupumzika."

"Uliiomba?"

"Sikuiomba. Nilikabidhi ufunguo kwa Afande Ildefonsi mwenyewe. Imeandikwa pale, ukurasa wa nyuma." Akavaa tena kamba yake. "Mimi nimetaja kilichoandikwa tu, afande. Kingine sijataja."

*

Gerezani, Maximilla aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na kanga iliyofungwa kifuani kwa fundo kubwa. Hakuamkia. Firdausi aliweka mezani mfuko mtupu, uzi wa katani na shazia.

"Shona."

"Nimeletwa huku kujifunza ufundi?"

"Shona, dada. Nataka kuona."

Maximilla alikunja mdomo wa mfuko mara mbili, akapitisha shazia kwa mishono mifupi ya kubana, akakata uzi kwa meno. Hakuacha masikio.

"Mbona hukufunga kona?"

"Kwa nini? Gunia la ghalani haliendi kwa mpagazi. Linakaa."

Firdausi aliandika. "Hii haitoshi mahakamani. Watasema umebadilisha mshono kwa sababu ulijua unatazamwa."

"Waseme. Wewe andika pia kwamba simu niliipiga mimi. Nilisimama mbele ya lori mpaka mlipofika. Sikukimbia na sitakiri. Mkuu wako amekuja hapa mara mbili na karatasi ya kukiri, nikajipepea nayo, maana humu ndani ni joto."

Firdausi alijizuia kucheka. Akafungua bahasha na kumwonyesha lile harage. "Lilikuwa ndani ya sikio."

Mwanamke yule alilichukua, akalibonyeza kwa ukucha, akalinusa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika.

"Wewe ni wa mjini, afande?"

"Baba yangu ana duka Kasulu. Anauza maharage."

"Makavu. Ya kwenye magunia. Ndiyo maana huoni." Akaliweka mezani katikati yao. "Harage kavu ukilifunga linabaki nene vilevile. Hili limesinyaa. Limefungwa likiwa bichi, limetoka kwenye ganda siku hiyohiyo, likakaukia humo humo. Sasa niambie, mvua za mwaka huu zilianza lini?"

"Zilichelewa. Mwishoni mwa Novemba."

"Tukapanda mwishoni mwa Novemba. Tarehe tano Januari, siku mliyochukua mifuko, maharage ya nchi hii nzima yalikuwa maua. Hakukuwa na harage bichi la kufunga kokote, si Kitahana, si Kasulu. Yamekomaa baada ya tarehe kumi na tano." Alikunja mikono. "Na baada ya tarehe kumi na tano mifuko ilikuwa kwa nani?"

Firdausi alirudisha harage kwenye bahasha, akaibandika lakiri, akaomba askari magereza asaini kando.

*

Mzee Abdulrahmani hakuhitaji miwani kutambua magunia. Kwa miaka thelathini alikuwa amepokea mzigo wa kila gulio dukani kwake Kasulu, na Jumanne asubuhi aliposhikishwa simu yenye picha ya sikio lile aliitazama kidogo tu.

"Esteri wa Makere," alisema. "Anaweka harage ndani ili kamba isiteleze. Wapagazi wangu wanamwombea dua. Amefanya nini?"

"Bado sijui, baba."

"Kama ni vibaya, umekosea mtu."

"Na kama mwenye vibaya ni mkubwa wangu wa kazi?"

Mzee alimpimia mteja sukari, akafunga karatasi, akamrudishia chenji. "Mwanangu, nilikuambia usome uhasibu. Hukusikia. Sasa umeshakuwa polisi, basi kuwa polisi. Umekula?"

Jumanne ileile, saa tisa alasiri, alikuwa Makere. Esteri Habonimana alikuwa ameketi juu ya kigoda nyuma ya soko, gunia la maharage katikati ya magoti, shazia mdomoni. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo. Kando ya mguu wake palikuwa na bakuli la maharage machache, ya kazi. Alipoona kitambulisho aliitoa shazia mdomoni na kuichomeka kwenye kilemba.

"Karatasi zangu ziko nyumbani," alisema. "Uraia nimepewa, cheti ninacho. Niende kukileta?"

"Sikuja kwa cheti, mama. Nimekuja kwa kazi yako." Akamwonyesha picha.

Esteri aliitambua mara moja, hata akaona fahari, kisha akaona lebo ya mfuko, akairudisha simu.

"Hayo si maharage yaliyomo," alisema. "Ni udongo. Aliniambia ni wa kitalu, wa kuoteshea miche. Nikamwuliza, udongo unaushona kwa nini? Akasema fanya kazi yako, bibi."

"Nani alisema?"

"Mwenye gari. Ilikuwa siku ya gulio, Jumatano. Walikuwa kwenye banda lile la matofali. Wengine wanahamisha mbolea kwenye magunia matupu yasiyo na maandishi, wengine wanajaza udongo kwenye yale yenye maandishi. Mimi nashona."

"Jumatano ipi?"

"Jumatano mjukuu wangu aliponiletea maharage ya kwanza ya shambani. Nakumbuka kwa sababu ya mwaka jana tulishayala yakaisha, sikuwa na hata moja la kutia kwenye masikio. Nikamenya hayo mabichi." Alihesabu kwa vidole. "Tarehe ishirini na moja."

Firdausi aliandika. "Huyo mwenye gari alikuwaje?"

"Mnene. Ana sauti ya kukwaruza. Alisimama juu yangu mpaka gunia la mwisho, hataki niinue kichwa. Anatafuna tangawizi mbichi. Kila akimaliza anatema makapi hapa, karibu na mguu wangu."

Kalamu ya Firdausi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Pale kituoni mtu mmoja tu alitembea na tangawizi mfukoni, akikata vipande kwa kisu cha kalamu, akisema ni dawa ya koo.

"Ukimwona tena utamjua?"

"Nitamjua. Lakini hujaniuliza kama nataka kumwona." Esteri alishika tena gunia lake, ingawa hakushona. "Mwaka wa kuhojiwa uraia niliitwa ofisini. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, peke yangu, watu wazima wanapita wananitazama kama mzigo uliosahauliwa. Nilisema sirudi tena kwenye benchi la serikali."

"Kuna mwanamke yuko ndani kwa ajili ya magunia hayo, mama. Ana watoto."

"Kumbe. Mrundi?"

"Muha wa Kitahana. Anaitwa Maximilla."

"Haidhuru. Nimeuliza tu." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Kushona nilishona mimi. Sitasema sikushona. Ila peke yangu sikai."

"Nitakaa nawe. Benchi moja, tangu unaingia mpaka unaitwa."

"Polisi wanaahidi mengi."

"Mimi naahidi hilo moja."

Esteri alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima uzi kama utakatika. Kisha akasogeza kigoda. "Kaa hapa uandike vizuri. Ukiandika umesimama unakosea."

*

Mrakibu Msaidizi Ildefonsi, mkuu wa upelelezi pale kituoni, alikuwa anakata tangawizi juu ya gazeti Firdausi alipoitwa Jumatano mchana.

"Nasikia umekuwa mkulima," alisema. "Unapekua maharage."

"Mawili tu, afande. Yapo kwenye daftari."

"Na nimesikia wakili wa serikali amepata maelezo ya bibi mmoja wa Makere kabla mimi sijayaona."

"Nilimpelekea jana jioni, pamoja na picha na nakala ya ukurasa wa ufunguo. Amesaini kupokea. Hati ya wito ya bibi imetoka leo asubuhi."

Kisu kilitulia. Kisha Ildefonsi akatabasamu, akasukuma karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa maelezo ya Firdausi kwamba mifuko haikuguswa tangu ilipokamatwa, yamebaki kusainiwa. Nyingine ilikuwa amri ya uhamisho.

"Hii unaripoti mkoani kesho, saa tatu asubuhi. Usipofika, utaandikwa mtoro kazini, na unajua mtoro anavyoishia. Ukisaini hii ya kwanza, hii ya pili itapotea. Karatasi hupotea hapa."

"Nimeona, afande. Na mbolea."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Nje ya mlango, konstebo aliyekuwa anapiga chapa aliacha kupiga.

"Binti," Ildefonsi alisema, "fikiri kama mtu mzima. Maelezo yako yameshafika kwa wakili. Bibi ameshaitwa. Kesho mahakamani huhitajiki, si shahidi wa kesho. Wewe kukaa pale kunaongeza nini?"

"Mtu mmoja kwenye benchi."

"Kwa hiyo unafukuzwa kazi kwa ajili ya benchi."

"Nitapanda basi la mchana, afande. Nitafika mkoani nimechelewa na nitaeleza kwa maandishi kwa nini. Sababu mojawapo itakuwa tangawizi."

Alichukua amri ya uhamisho, akaisaini kupokea, akaandika saa. Ile nyingine aliiacha mezani ilipokuwa.

*

Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wa mahakama ulikuwa matope. Esteri alikuwa amefika saa moja na nusu. Alisimama chini ya bati, viatu mkononi, miguu imeoshwa, cheti cha uraia kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Fidele alikuwa upande wa pili, amesimama wima kando ya baiskeli yake, na alipomwona Firdausi aliinamisha kichwa kidogo.

"Nilidhani hutakuja," Esteri alisema.

"Vaa viatu, mama. Tuingie."

Benchi la mashahidi lilikuwa fupi. Mbele yake, kiti cha tatu, Ildefonsi aligeuka, akamtazama yule bibi, kisha akaitazama saa yake ili Firdausi aone anaitazama. Saa tatu kasoro dakika mbili. Taya lake lilikuwa linatafuna.

"Ni yule," Esteri alinong'ona. Mkono wake ulikwenda kwenye kilemba, mahali shazia hukaa, ukakuta hamna kitu.

"Najua. Utamwambia hakimu, si mimi."

Maximilla aliletwa kizimbani. Hakuangalia chini. Alitafuta uso wa mume wake, akauona, kisha macho yake yakaenda kwenye benchi na kukaa juu ya yule mwanamke asiyemjua, mwenye vidole vilivyopasuka kwa katani. Alivitazama vidole hivyo, na akaelewa.

Simu ilianza kutetema mfukoni mwa Firdausi. Alihesabu mitetemo mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Namba ilikuwa ya mkoani.

"Afande, wanakuita," Esteri alisema.

"Wananiita."

"Si uende? Mimi nimeshazoea sasa. Naweza."

"Unaweza," Firdausi alisema. Akaizima simu, akaiweka ndani ya kofia yake ya sare, na kofia akaiweka chini, kati ya miguu yao.

Karani alipaza sauti. Hakimu aliingia, na chumba kizima kikasimama. Watu walipoketi tena, Firdausi aliketi palepale.